Mbeleko ya Doto

1

Swali la kumi na moja kwenye fomu ya mashine ya Mizani lilikuwa fupi: Mimba ilipatikanaje? Majibu yalikuwa mawili tu, asili au matibabu. Sista Nyanzobe alikuwa amepokea wajawazito wengi mno katika hospitali ya Igunda, na kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye asili kabla mgonjwa hajafungua mdomo.

Safari hii mgonjwa alimshika mkono.

"Subiri, sista," alisema Milembe. Alikuwa amelala ubavu, mimba ya wiki ishirini na tisa, jasho limemlowesha kola. Alitazama mlangoni. Mama mkwe wake alikuwa ametoka kwenda kujaza maji ya kunywa. "Nikikuambia kitu utakitunza?"

"Nina watoto watatu na mume mmoja mbishi. Kifua changu kimejaa siri, lakini yako itapata pa kukaa. Sema upesi, uchungu mwingine unakuja."

"Waliwekwa. Viini viwili, kule jijini. Mume wangu Jidiga ndiye mwenye tatizo, lakini mama yake hajui. Na alishatamka mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto wa maabara hatampokea mikononi mwake." Milembe akavuta pumzi. "Yule mama ni mkunga, sista. Kijiji kizima kimepita kwenye mikono ile. Wangu tu ndio waikose?"

"Na kadi ya kliniki mbona inaanzia mwezi wa sita?"

"Nilijificha. Picha za mwanzo ziko jijini, niliziacha kwa makusudi." Uchungu ukamkata, akauma ncha ya shuka hadi ulipopita. "Andika asili. Tafadhali. Hiyo mashine yenu inasoma kwa sauti."

Ilikuwa kweli. Mizani ndiyo iliyoamua ni kichanga yupi apewe nafasi ya kuishi. Miaka ya mwanzo ndugu walikuwa wakiwashutumu wauguzi kwamba wanachagua kwa kujuana mtoto wa kuishi, ndipo ikatungwa sheria: kila hesabu ya Mizani isomwe kwa sauti mbele ya ndugu mmoja.

Nyanzobe alilitazama lile swali. Siku zote aliliona la umbea. Chuoni, alipokuwa akisomea stashahada yake, mwalimu wao aliwahi kuwapeleka wodini mbele ya mapacha jozi nne na kuwaambia wataje jozi ipi ni ya matibabu na ipi ya asili. Walitazama mpaka macho yakauma. Kilio kilikuwa kilekile, kinyesi kilekile, ngumi zilezile ndogo zenye hasira. Hakuna aliyepatia.

Akabofya asili.

"Basi, yameisha. Mtoto hajui mlango alioingilia. Anajua wa kutokea tu, na ndio anaoutafuta sasa."

Milembe alicheka na kulia kwa pamoja. Kubofya kule ndiko kulikokuwa kosa, nako kulichukua sekunde moja.

2

Watoto walitoka saa nne na dakika kumi asubuhi, jua limejaa kwenye madirisha ya chumba cha upasuaji. Daktari Luhende aliwatoa kwa kisu, mmoja baada ya mwingine, mama yao akiwa katika usingizi wa dawa. Wasichana wote wawili. Wa kwanza alikuwa na gramu elfu moja na mia mbili, wa pili mia tisa na arobaini. Majina hayakuhitaji kikao. Usukumani pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto.

Ngozi zao zilikuwa nyembamba hata ungeweza kuona mishipa ikipita chini yake kama mizizi ndani ya maji. Hawakulia. Walifungua midomo tu, mithili ya watu waliotaka kusema jambo wakalisahau. Wasaidizi wakawaweka kila mmoja kwenye kiota chake cha kioo, hewa ikawapulizia puani.

Kisha likaja kondo la nyuma, bonge moja jekundu, vitovu viwili vikichomoza juu yake. Nyanzobe alilipokea ndani ya bakuli la kioteshi, kifuniko kikajifunga. Kanuni ilikuwa hiyo: kondo lisiguswe na mkono wa mtu mpaka Mizani iruhusu. Akalisukuma chumba cha pili kwa haraka ya mtu anayebeba moto.

Bi Kwandu, mama mkwe wa Milembe, alikuwa amesimama pale ndani ya joho la kijani lililomzidi urefu.

"Wangapi?"

"Wawili, mama. Wasichana."

"Mabasa," alisema Bi Kwandu taratibu. Mapacha, kwa Kisukuma. Kidevu kilimtetemeka, akakituliza. "Mabasa kwenye mji wangu. Haya, endelea na kazi, usinitazame."

Nyanzobe akachomeka bakuli kwenye kioteshi, na hapo, kama ilivyomtokea kila mara, akasahau kupumua.

Mashine ililipatia kondo damu ya kutengenezwa, joto na sukari. Bonge lililokuwa limeanza kufifia likarudiwa na wekundu. Likapiga. Lilidhani bado limo tumboni, maskini, likaendelea na kazi yake ya zamani ya kulea. Baada ya nusu saa lingetoa utando, utando ungekua mpana kama leso, laini, wenye joto, nao ungemfunika mtoto na kujishona wenyewe kwenye kitovu chake. Kuanzia hapo mtoto hangehitaji mapafu. Angelala ndani ya nyama ya mama yake, anakula na kupumua kupitia kitovu, wiki sita au saba, mpaka siku yake ya kweli ya kuzaliwa ifike. Wataalamu walikuwa na jina refu la kitu hicho. Wodini kiliitwa mbeleko.

"Kinapiga," alinong'ona Bi Kwandu. "Kimetoka mwilini na bado kinapiga."

"Kitapiga dakika arobaini, mama. Kisipoanza kuota ndani ya muda huo, kinakufa."

Mizani ikaamka. Ilikuwa na sauti ya kike, tulivu, kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Kondo moja. Jinsia moja. Mimba ya asili. Uwezekano mkubwa: mapacha wa yai moja wanaotumia kondo moja. Mbeleko itakayooteshwa: moja. Anayependekezwa: mtoto wa kwanza. Mtoto wa pili abaki kwenye kiota cha kioo. Matarajio ya mtoto wa pili kuishi: watatu kati ya kumi. Ndugu amesikia?"

Bi Kwandu alimgeukia Nyanzobe.

"Imesema nini hiyo?"

"Imesema kondo moja linazaa mbeleko moja, na mbeleko moja inabeba mtoto mmoja."

"Waweke wote wawili. Mapacha hupewa sawa. Ukimpa mmoja nguo, mwenzake naye umpe. Ukimpiga mmoja, mwingine naye kidogo. Hata mtoto mdogo anajua."

"Iliwahi kujaribiwa, mama. Mmoja anafyonza damu ya mwenzake mpaka anamkausha, halafu naye moyo unamshinda. Tulikuwa tunazika wawili."

Bi Kwandu akasogea kwenye viota, ambavyo wasaidizi walikuwa wamekwisha kuvileta. Alimpita Kulwa, akasimama kwa Doto. Kifua cha yule mtoto kilikuwa kikizama ndani kila alipovuta hewa, kikizama mpaka unaona mbavu zote, halafu kinapanda tena kwa taabu.

"Tatu kati ya kumi," alisema yule mama. "Ng'ombe mgonjwa nisingemuacha kwa hesabu hiyo."

3

Nyanzobe alikuwa amesimama mbele ya kioo cha Mizani. Sasa ndipo alipoelewa swali la kumi na moja liliwekwa kwa nini.

Halikuwa la umbea hata kidogo. Mapacha wa matibabu na wa asili walikuwa na afya moja, mwalimu wake hakukosea. Kilichowatofautisha watoto wakiwa tumboni ni nyumba waliyopanga. Wengine walikaa chumba kimoja, wakila sahani moja, na hao ndio waliokuwa hatarini. Wengine walikuwa na vyumba viwili, kila mmoja na kondo lake. Na vyumba viwili vikijengwa karibu karibu, makondo huungana yakawa bonge moja, jicho likadanganyika. Mizani haikuwa na jicho la kuuona ukuta katikati. Kwa hiyo iliuliza. Aliyewekewa viini viwili, ilimhesabia makondo mawili. Aliyepata kwa asili, wasichana wawili, bonge moja, ilimhesabia moja.

Yeye ndiye aliyeidanganya.

Alitazama saa ya kioteshi. Zilibaki dakika ishirini na sita. Kipimo cha vinasaba kilihitaji saa mbili.

Kubadilisha jibu kulikuwa rahisi, kidole kimoja. Ila mashine ingelisoma kwa sauti, na bila jibu hilo kifuniko hakifunguki. Bi Kwandu hangeweza kutolewa nje, sheria ilimtaka ndugu asikie, na Jidiga alikuwa bado njiani kutoka mgodini. Milembe alikuwa amelala na tumbo wazi. Hakuna wa kumuuliza. Alichokiomba duniani ni kitu kimoja, akaahidiwa.

Tena hata ukweli wenyewe haukuwa na hakika. Kati ya viini viwili, kimoja huweza kufa mapema na cha pili kikagawanyika. Ikiwa ndivyo, kondo lilikuwa moja kweli. Kulikata kungekuwa kumwaga damu yote, na Kulwa naye angekosa. Angemtoa mtoto mwenye mbeleko ya uhakika akamweka kwenye kamari, na angevunja nyumba ya mwanamke mwingine kwa mdomo wake. Je, ana haki hiyo? Nani alimpa?

Kifua cha Doto kikazama. Kikakawia. Kikapanda.

"Sista!" Daktari Luhende aliita kutoka chumba cha upasuaji, mikono yake ikiwa bado kwenye uzi. "Mbona sisikii kioteshi? Mnapiga soga?"

"Nakuja kulipa deni la mdomo, daktari," alijibu Nyanzobe, akabofya swali la kumi na moja.

"Jibu linabadilishwa," ilisema Mizani. "Nani anabadilisha?"

"Nyanzobe Shigela, muuguzi."

"Sababu?"

Angeweza kusema ameteleza. Mashine ingekubali, na hata kamati ya hospitali ingekubali. Lakini Nyanzobe alikuwa amewachapa watoto wake kwa neno hilohilo.

"Nilidanganya."

"Imeandikwa. Mimba ya matibabu. Viini viwili. Uwezekano wa makondo mawili yaliyoungana: mkubwa. Uthibitisho unahitajika kwa ukaguzi wa mkono. Idhini ya ndugu inahitajika kabla ya kutenganisha."

Lile bonge likaendelea kupiga ndani ya bakuli.

"Matibabu," alisema Bi Kwandu.

"Ndiyo, mama."

"Waliwekwa na watu."

"Waliwekwa na watu. Wamelelewa na tumbo la Milembe, na damu ni ya mwanao. Siri haikuwa yangu, nimeitoa mimi. Unitukane mimi, lakini baadaye. Sasa hivi nina dakika ishirini na mbili na kondo ambalo sijui ni moja au ni mawili. Mashine haijui. Mimi nimefundishwa kwa mashine, vidole vyangu havijui. Nikikata penye nyama badala ya penye mshono, nimewaua wote."

Bi Kwandu akageuka, akaondoka kwenye viota. Joho lilimburuta nyuma. Nyanzobe alimwona akielekea mlangoni. Basi, aliwaza. Amekwisha kukataa.

Yule mama alisimama kabla ya mlango, akatazama ukuta huu na ukuta ule.

"Maji ya kunawa yako wapi?"

4

Alinawa kikunga cha zamani, mpaka kwenye viwiko, akisugua kati ya kidole na kidole, bila haraka, ingawa saa ilikuwa ikila dakika. Alikataa glavu. "Nikivaa mfuko nitasikia mfuko." Nyanzobe akamwagia dawa mikononi, akabofya idhini, kifuniko kikafunguka.

Vidole vya Bi Kwandu vilikuwa vinene, vyeusi kwenye maungio. Vilipozama kwenye lile bonge vikawa vyepesi ghafla, kama vya mtu anayetafuta usingizi wa mtoto. Alifuata utando uliosimama katikati ya vitovu viwili. Akaubana kwa kidole gumba na cha shahada, akausugua.

"Wa chumba kimoja huwa na utando kama wa kitunguu," alisema, kwa sauti ya kuongea na nafsi yake. "Unaona mwanga upande wa pili. Huu ni mzito. Una matabaka. Moja... mbili..." Akafumba macho. "Kulwa alijenga wa kwake na Doto wa kwake, wakaegemezana migongo. Hizi ni nyumba mbili, binti. Ukuta huu hapa."

"Una hakika?"

"Wewe ulikuwa na hakika ulipoufungua mdomo wako?"

Nyanzobe akachukua wembe wa upasuaji.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Kwandu. "Kwetu kondo la mabasa halitenganishwi. Linazikwa zima, kwenye chungu kimoja. Hizo mbeleko zikimaliza kazi yake zinakuwaje?"

"Zinakauka, zinadondoka."

"Utanirudishia zote mbili. Chungu kitakuwa kimoja."

"Nitakuletea mwenyewe nyumbani kwako."

"Haya. Fuata ukucha wangu. Usiutangulie."

Ukucha wa yule mama ukaingia kwenye mshono, ukasogea nukta kwa nukta, na wembe ukaufuata. Nyanzobe alingoja damu iruke. Haikuruka. Zilitoka chembe chache tu, kama umande, halafu lile bonge likafunguka lenyewe kwenye njia ambayo lilikuwa nayo siku zote, na mbele yao yakawa mawili. Kubwa na dogo. Kila moja na kitovu chake. Kila moja likipiga kwa mwendo wake, hayakupatana hata kidogo, moja la haraka na moja la pole, kama watu wawili wanaotwanga kwenye vinu tofauti.

"Makondo mawili," ilisema Mizani. "Mbeleko zitakazooteshwa: mbili."

"Umechelewa," Bi Kwandu aliiambia.

Dakika saba zilikuwa zimebaki.

Kwanza hapakutokea kitu. Kisha ukingo wa kondo la Kulwa ukang'aa, ukatoa mdomo mwembamba wa rangi ya waridi, nao ukakua huku unautazama, ukijikunjua pindo baada ya pindo. Wakamweka Kulwa juu yake. Utando ukamgusa kisigino, ukatulia, ukampanda mguuni. Lile dogo lilikawia. Nyanzobe akahesabu kimoyomoyo, akafika mia na kumi, akaacha kuhesabu akaanza kuomba. Ndipo nalo likatoa ukingo, mwembamba kuliko wa mwenzake, wenye mishipa iliyotawanyika kama mito inayoonekana kutoka juu sana.

Bi Kwandu ndiye aliyemnyanyua Doto. Hakuna aliyemwambia. Alimtoa kwenye kiota cha kioo kwa viganja viwili vilivyojaa damu na dawa, akamshikilia kitambo, gramu mia tisa na arobaini, kisha akamlaza kwenye mbeleko yake. Utando ukafika kwenye kitovu, ukakipapasa, ukakitambua, ukajishona. Kifua cha Doto kikazama mara moja zaidi. Halafu kikaacha.

Nyanzobe aliruka. Bi Kwandu akamshika mkono.

"Tazama uso."

Uso wa mtoto ulikuwa ukigeuka rangi, kijivu kikiondoka kwenye midomo, wekundu ukipanda kutoka chini kama alfajiri. Kifua kilitulia kwa sababu hakikuwa na kazi tena. Doto alinyoosha mguu ndani ya ile nyama ya mama yake, akapiga teke.

Walikaa hapo wote wawili, muuguzi mwenye stashahada na mkunga asiyekuwa nayo, wakimtazama kama watu ambao hawajawahi kuona mtu akija duniani.

"Watu waliviweka viini," alisema Bi Kwandu. "Hili teke nani kaliweka?"

5

Milembe alizinduka saa tisa alasiri. Nyanzobe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Kabla ya hapo Bi Kwandu alimvuta kando kwenye korido na kumwambia waziwazi: "Mimi sikusikia kitu. Masikio ya mzee yana nta. Mwache mwanamke alee." Ulikuwa mlango mpana, umefunguliwa kwa heshima, na Nyanzobe alikuwa ametamani kuupita.

"Wote?" aliuliza Milembe.

"Wote wawili. Kila mmoja ana mbeleko yake. Zitawalea mpaka wakomae."

Machozi yakamtiririka Milembe kuelekea masikioni. Nyanzobe akamwacha ayamalize. Kisha akasema, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kusema:

"Nilisema siri yako. Mama mkwe wako alikuwa amesimama palepale. Bila hivyo Doto alikuwa anakufa. Mimi ndiye niliyeandika uongo na mimi ndiye niliyeufuta, kamati itaniita. Lakini wewe nilikuahidi, na ahadi nimeivunja."

Milembe aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Alisemaje?" aliuliza Milembe, uso bado ukutani.

"Aliuliza maji ya kunawa yako wapi."

Mgongo wa Milembe ukatulia. Akageuka polepole, kwa maumivu, akiushikilia mshono wake, mpaka akamwona Nyanzobe usoni.

"Akampokea?"

"Doto. Kutoka kwenye kioo mpaka kwenye mbeleko."

"Kwa mikono yake yote miwili?"

"Yote miwili."